Bondeni ni Saa Ngapi

Karakanani, tarehe 9 Januari

Dada yangu mpendwa,

Kwa moyo mzito, na kwa niaba ya familia nzima, natangaza kifo cha ghafla cha mkanda wangu wa suruali, kilichotokea juzi saa nne asubuhi hapa karakanani, mbele ya mteja. Marehemu alinitumikia miaka kumi na mmoja bila kunung'unika. Alikuwa na matundu matano aliyozaliwa nayo, na mengine manne niliyomtoboa mimi kwa msumari kadiri mambo yalivyozidi kutanuka. Alikatika kwa mlio kama wa ubao unaopasuka. Mteja mwenyewe, mama mmoja mwenye heshima zake aliyekuja kuchukua picha ya harusi ya bintiye, alidhani ni kioo cha fremu yake, akapiga ukelele. Nikamwambia, "Usiogope mama, ni mimi." Wifi yako alipoletewa habari alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akauliza kama suruali ilibaki mahali pake. Swali hilo nimekataa kulijibu, na hata wewe usiniulize.

Habari nyingine ni ndogo. Nimeitoa picha ya Baba sebuleni, ile ya bonde aliyoichora mwenyewe, nikaileta huku. Miaka thelathini na minne ukutani, na moshi wa jiko la wifi yako ukiitembelea kila siku, imekuwa na rangi ya chai. Mgeni mmoja aliuliza kama ni picha ya meza. Fremu nayo imeliwa na wadudu kona mbili, na ni aibu kwa fundi fremu kuwa na fremu mbovu kuliko zote mtaani. Nimeweka mbao nzuri tangu mwaka juzi. Kesho nitaisafisha kidogo, halafu niivishe nguo mpya, ili siku ukija uione jioni ile ilivyo.

Ndiyo, nimesema jioni. Najua huko uliko umeshasaga meno.

Mdogo wako,
Kijiti
(jina la zamani, siku hizi ni gogo)


Tarehe 21 Januari

Mdogo wangu Kijiti,

Pole kwa msiba. Nashauri mrithi wake awe wa kamba ya katani, ile ya kufungia mizigo.

Ni asubuhi. Nimechora bonde lile mara mbili kwenye ramani za ofisi, na ramani haisemi ni saa ngapi, lakini macho yangu yanasema. Na kuhusu kusafisha: kitambaa kikavu, basi. Usiiguse na kitu kingine chochote.

Sasa nisikilize. Barua hii nimeiandika kwa herufi kubwa si kwa sababu nakuona mtoto. Jicho langu la kushoto lilizima mwaka jana. Sikukuambia kwa sababu ungefunga safari kuja kunipikia, nami nimewahi kula mapishi yako. Sasa na la kulia limeanza. Kila ninachokitazama kina doa katikati, kama mtu ameweka kidole. Nikimtazama mtu usoni, masikio yapo, uso haupo. Daktari wa macho amenipa miezi minne, mitano kama jicho litakuwa na adabu. Nimemuuliza mara mbili, maana unanijua, na mara zote mbili amejibu vilevile.

Naomba uniletee picha ya Baba. Sitaki niwe nayo milele, nataka hii miezi tu. Nitaiweka dirishani niitazame kila siku, kipande kwa kipande, kwa pembe ya jicho ambayo bado inafanya kazi, ili nikishafunga duka niwe nayo ndani.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilipopata kazi ya ramani, Mama alikuwa na miezi saba kaburini. Tikiti ilikuwa mfukoni na miguu haitaki kupanda basi. Nilimtazama Baba, mchora mabango mzima, mtu wa kuimba na kutukana ngazi yake, amekaa kimya wiki nzima akipaka ubao ambao hakuna duka lililouagiza. Alipoumaliza akautundika, vanishi bado mbichi. Nikasimama mbele yake nikaona asubuhi. Nikasema moyoni, mtu anayeweza kuchora asubuhi namna hii hajaisha, naweza kumwacha. Nikaenda kupanda basi.

Kwa hiyo unielewe kwa nini jioni yako siitaki.

Dada yako,
Rula


Karakanani, tarehe 2 Februari

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nimeisoma nimekaa, na kiti cha karakana kimelalamika kama kawaida yake. Nimekuwa nikifumba jicho moja na kujaribu kupima mbao, na nimekata fremu ya mwenyekiti wa mtaa ikawa na pembe tano. Nitamwambia ndiyo mtindo mpya.

Picha utaipata, wala usiwe na shaka. Ila mbao hazijakauka sawasawa. Nilidhani zimekauka, kumbe mbao ni kama mimi, kwa nje zinaonekana zimetulia. Halafu gundi niliyonayo ni ya zamani. Halafu misumari midogo imeadimika mjini, sijui wanaila. Nipe wiki tatu, sema nne. Kitu kizuri hakitaki papara, na fundi mnene hata akitaka papara haiwezi.

Wifi yako anakusalimu sana. Amesema nikuandikie kila kitu. Nimemwambia ndiyo ninachofanya.

Je, nije? Siwezi kupika lakini naweza kukusomea gazeti na kukosea majina ya mawaziri.

Mdogo wako,
Kijiti


Tarehe 15 Februari

Kijiti,

Barua yako ina utani mwingi mno. Ukiwa na raha huwa unatania mara mbili au tatu kisha unauliza bei ya sukari huku kwetu. Safari hii nilichoka kuhesabu. Kuna nini?

Usije sasa hivi. Nina jirani, mkunga mstaafu wa chumba cha pili, ambaye amejiteua kuwa msimamizi wangu. Amezalisha nusu ya mji huu na anaongea na kila mtu kama bado ana uchungu. "Haya, vuta pumzi, kunywa dawa." Barua zako ananisomea yeye jicho linapochoka, kwa hiyo chunga mdomo.

Wakati mbao zako zinakauka, fanya jambo moja. Nieleze picha. Anza kona ya juu kushoto, shuka mstari kwa mstari kama tulivyokuwa tunakagua ramani, usiruke mahali. Usiniambie ni nzuri. Niambie kilichopo.

Rula


Karakanani, tarehe 26 Februari

Dada,

Haya, nimevaa miwani na nimefukuza kuku karakanani. Tunaanza.

Kona ya juu kushoto ni anga. Ukiulizwa rangi yake utasema kijivu, lakini ukitazama tena si kijivu, ni ile rangi ya shuka jeupe lililofuliwa mara nyingi. Inakwenda hivyo mpaka upande wa pili, bila wingu, bila ndege. Nilimuuliza Baba kwa nini hakuweka hata ndege mmoja, akasema ndege angepiga kelele.

Shuka. Mgongo wa kilima. Umepakwa mara moja tu kwa brashi pana ya mabango, ileile aliyochorea jino la daktari wa meno, lile jino kubwa kama tofali lililokuwa likiwatisha wagonjwa wakarudi nyumbani. Hakurudia. Chini ya kilima ndipo mwanga unapoanza. Dada, mwanga wa picha nyingine ninazotengenezea fremu huwa unaingia kama mgeni anayebisha hodi. Huu wa Baba umeshakaa. Umekaa juu ya maji yaliyotuama bondeni na haumuliki kitu kwa makusudi. Unagusa ukingo wa maji, unagusa magome ya miti upande mmoja, basi, umetosheka.

Miti ni mitatu. Wa kwanza mnene. Wa pili umeinama kidogo kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili. Wa tatu nusu yake imekatwa na ukingo wa ubao, kwa sababu Baba alikosea vipimo na hakutaka kukiri. Vivuli vyao vimeingia majini, na ndani ya maji ni vyeusi kuliko miti yenyewe.

Kona ya chini kulia ni njia. Pale inapoanza kuna alama ya kidole gumba cha Baba kwenye rangi. Inapanda taratibu, inapinda kwenye matete, inapotea. Hakuna mtu juu yake. Zamani nilikuwa nadhani kuna mtu amepita sasa hivi tu. Siku hizi naona hakuna aliyepita. Nadhani ndiyo maana picha imetulia vile. Hakuna anayengojewa.

Hapo ndipo mwisho wa ubao.

Kijiti


Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu,

Mkunga amenisomea barua yako mara tatu. Mara ya pili alisimama katikati akapenga kamasi, nilipomuuliza akasema ni vumbi. Hakuna vumbi, nafagia mwenyewe. Hukuwahi kuniambia unajua kutazama hivyo. Miaka yote nilidhani unaona kingo za picha tu.

Hapo ulipoandika hakuna anayengojewa nakubishia. Asubuhi kila mtu anangojewa.

Lakini nimegundua kitu. Barua nzima hujasema jioni hata mara moja. Tangu nikufahamu hujawahi kuacha nafasi ya kunichokoza ikapita bure. Nimekaa nikawaza, na nadhani nimeelewa. Huwezi kuachana nayo. Mbao zimekauka siku nyingi, gundi ipo, misumari ipo. Wewe ndiye uliyebaki na picha, na ndiye uliyebaki na Baba mpaka mwisho, ukimwogesha na kumlisha, wakati mimi nachora mito ya watu nisiowajua. Si haki nikuombe uiachie.

Basi sema tu, sitakasirika. Nitakuja mimi. Mkunga amekubali kunisindikiza, ameshachagua na nguo ya safari. Tutapanda basi Jumatatu ya tarehe 24. Nitakaa sebuleni kwako siku nne, niitazame, nirudi. Mwambie wifi asihangaike na chochote.

Rula


Karakanani, tarehe 16 Machi

Dada,

Usije. Usikate tikiti. Picha imeondoka jana kwa basi la mizigo, imefungwa blanketi mbili na mbao pembeni. Siyo kwamba siwezi kuachana nayo. Ulikosea hapo, na nashukuru kwa jinsi ulivyokosea.

Iweke dirishani lakini isipigwe na jua moja kwa moja. Usiisogelee sana. Picha kama ile inatazamwa kwa mbali kidogo.

Nikumbuke kwa wema.

Kijiti


Tarehe 4 Aprili

Mdogo wangu Kijiti,

Anayeandika ni Mkunga, maneno ni yangu. Jicho la kulia halikuwa na adabu. Lilifunga tarehe mosi, mapema kuliko alivyosema daktari. Sasa kuna mwanga na hakuna mwanga, basi. Usilie, mimi nimeshamaliza kulia na sasa najifunza kumimina maji bila kuloweka meza.

Picha ilifika salama. Fremu ni nzuri, nimeipitisha vidole kona zote nne, huwezi kujua mbao zimekutana wapi. Nilipata siku kumi na mbili za kuitazama. Niliiweka dirishani kama nilivyopanga, nikakaa pembeni, nikaitazama kwa ukingo wa jicho kama mwizi.

Ulikuwa sahihi. Ni jioni.

Sikuamini siku ya kwanza. Nikasema ni jicho. Nikamwita Mkunga nikamuuliza bila kumwambia kitu, "Hapa ni saa ngapi?" Akajibu papo hapo, "Saa kumi na mbili jioni, watu wanafunga milango." Nikarudia kesho yake na siku zilizofuata. Mwanga ule unaondoka, mdogo wangu. Hauji. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne mwenye tikiti mfukoni, nikaona nilichotaka kuona ili niondoke. Baba alinionyesha waziwazi hali yake kwa njia pekee aliyoijua, nami nikamwacha humo humo gizani, nikaliita asubuhi.

Nisamehe kwa kukubishia miaka yote. Wewe ulikuwa pale, ulijua.

Dada yako

*Mwandishi naongeza hili bila kumsomea. Ndugu, mimi sikujui, lakini nimezalisha wanawake elfu kadhaa na najua mtu anapokata tamaa. Macho yalipozima alisimama imara. Ni picha ndiyo iliyomlaza. Hali chakula vizuri. Ameniambia niigeuze itazame ukuta, na nimeigeuza. Nyuma ya ubao nimeona rangi mbichi imechuruzika, ikanichafua vidole. Picha ya miaka thelathini na minne haichafui vidole. Sijamwambia. Nakungoja wewe. — Mkunga*


Karakanani, tarehe 12 Aprili

Mama Mkunga,

Asante. Msomee Dada barua hii yote, polepole, na usiruke mahali hata kama utaona aibu kwa niaba yangu. Kama atakuambia uache, ngoja anywe maji, kisha endelea.

Dada,

Picha uliyoitazama siku kumi na mbili si ya Baba. Ubao ni wa Baba, mgongo wa kilima ni wa Baba na kidole gumba ni cha Baba. Jioni ni yangu.

Tarehe 10 Januari, siku moja baada ya kukuandikia habari za mkanda, niliilaza picha mezani. Barua yako ya kitambaa kikavu ilikuwa bado hujaiandika. Nilichukua spiriti na pamba. Usidhani nilikuwa mlevi au nina haraka. Nilikuwa na raha, nilikuwa napiga mluzi. Mabango ya Baba nimeyasafisha kwa spiriti maisha yangu yote, yanaletwa hapa na watoto wa wenye maduka, na hayajawahi kudhurika, maana rangi ya mabango ni ngumu kama kigae. Nikasema mkono ni ule ule, rangi ni ile ile. Pamba ya kwanza ilitoka na rangi ya chai, nikamwita wifi yako aje aone uchafu wake. Ya pili, ya tatu. Nikafurahi. Nilipofika kwenye maji nikaona hakuna kitu kilichokaa juu yake. Maji yalikuwa maji. Miti ilikuwa miti, kama ya kitabu cha shule. Nikaweka pamba chini.

Nilijua, Dada. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikimtazama. Baba alichora bonde kwanza kwa rangi za kawaida, likawa bonde tu. Halafu alichukua kifuniko cha kopo, akatia vanishi, akadondosha rangi tone moja kwa ncha ya msumari, akapaka. Akangoja ikauke. Akapaka tena. Wiki nzima ile uliyomwona kimya, ndicho alichokuwa anafanya. Mwanga wote ulikuwa ndani ya vanishi, tabaka juu ya tabaka, nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Niliona kwa macho yangu, kisha nikaishi nayo miaka thelathini na minne nikasahau. Nikaufuta nikidhani ni moshi.

Ulipoandika kuhusu macho, ilikuwa imekaa wiki tatu imegeuzwa ukutani. Wifi yako aliniambia siku ileile, "Mwandikie, yule ni dada yako, atakutukana halafu yataisha." Nikamjibu nitaitengeneza kwanza. Nikaanza kudondosha rangi kwenye kifuniko kama Baba. Nilipaka nikafuta, nikapaka nikafuta. Kila nilipojaribu kukupa asubuhi yako ikatoka jioni. Ile barua ya kona ya juu kushoto niliiandika kwa kichwa, ubao ukiwa uchi mbele yangu, na ndipo nilipogundua kwamba naikumbuka picha vizuri kuliko ninavyoweza kuipaka. Uliposema unakuja na basi la tarehe 24, nikapaka kwa mara ya mwisho, nikaifunga blanketi hata haijakauka.

Na sasa lile la aibu zaidi. Nilitegemea macho yako. Mama Mkunga, rudia hapo. Nilijiambia, hataona tofauti. Nilikuandikia usiisogelee kwa sababu hiyo. Sikuwahi kufikiri kwamba utaiona vizuri kuliko watu wote na kuiamini.

Baba hukumwacha gizani. Sikiliza jambo ambalo fundi yeyote wa fremu anajua na mimi sikutaka kulifikiria. Vanishi inageuka njano. Haigeuki siku moja, inageuka kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, na anayeishi nayo haoni. Wewe uliiona ikiwa mbichi, ukaondoka nayo hivyo kichwani. Mimi nilibaki nayo ikigeuka. Ulipokuwa unarudi likizo na kusimama mbele yake na kusema asubuhi, ulikuwa unaikumbuka. Mimi nilikuwa naitazama. Na nilipenda iwe jioni, nikiri na hilo. Wewe ulipata basi na ramani na mshahara. Mimi nilibaki na mzee aliyekuwa akiniita kwa jina lako kila alipohitaji maji. Nilitaka kitu kimoja mle ndani ya nyumba kikubali kwamba mambo yalikuwa yanaishia. Nimekutania miaka thelathini na minne ili nisikuambie hivyo.

Lakini Baba mwenyewe hakulalamika. Alikuwa anauliza kama barua yako imefika, anaisoma, anaipeleka kwa kinyozi amsomee tena kana kwamba hajui kusoma, ili kinyozi asikie. Alichora mabango miaka mingine kumi na saba. Aliitukana ngazi yake mpaka siku alipokatazwa kupanda.

Limebaki moja, na sijamwambia hata wifi yako.

Kabla ya kuanza na pamba, fundi hulowesha ubao wote kwanza kwa brashi pana, ili uchafu ulainike. Nililowesha toka juu mpaka chini. Vanishi ya zamani ikilowa inakuwa kama kioo kilichopanguswa, unaona mpaka ndani, kama siku ilipopakwa. Inadumu hivyo kidogo tu, mpaka spiriti ikauke. Nikaiona, Dada. Anga ilikuwa nyeupe kwa chini na si kwa juu. Kulikuwa na ukungu umelala juu ya maji ambao sikuwahi kujua kama upo, na ulikuwa unaanza kunyanyuka, na upande wa miti nilioujua kuwa mweusi ulikuwa umeguswa na rangi ya waridi hafifu, kidogo sana, kama mtu aliyetoka kulala. Njia ilikuwa na unyevu. Mwanga ulikuwa unakuja. Ilikuwa asubuhi, na aliyeichora alijua ni asubuhi, na aliiweka pale wiki ile ambayo ulikuwa na tikiti mfukoni, akaitundika vanishi ikiwa mbichi kwa sababu alijua siku ya basi.

Nilisimama nikacheka peke yangu. Nikasema kwa sauti, "Rula kashinda." Nikawa natunga kichwani jinsi nitakavyokuandikia kukubali kushindwa, kwa mihuri na sahihi za mashahidi. Na wakati nacheka, mkono ulikuwa umeshachukua pamba, kwa mazoea tu, ukaanza kona ya juu kushoto kama tunavyoanza siku zote, ukafuta.

Mdogo wako